Wodi Moja, Lugha Moja

Jumatatu, 3 Machi

Kanuni yangu imepita! Mikono mingi juu. Waliopinga ni wanne tu, na mmoja wao ni nesi tunayemwita Wakili, ambaye hupinga hata utabiri wa mvua.

Kuanzia kesho wodi yangu ni lugha ya taifa tu. Kwenye kupokezana zamu, kwenye dawa, kwenye chai, kando ya kitanda. Karatasi nimeibandika mlangoni kwa mkono wangu, herufi kubwa: WODI MOJA, LUGHA MOJA. Nimerudi kuitazama kama mtu aliyetundika pazia jipya.

Chanzo ni mzee wa kitanda cha dirishani. Wakili alimpokeza mwenzake zamu kwa lugha yao ya milimani, wakicheka, mambo yao. Ndani ya zile porojo mlikuwa na taarifa: mzee keshachomwa sindano yake ya sukari. Na Mnara alikuwa amesimama palepale. Mnara ni nesi wetu wa kiume, mrefu kuliko mlango, mpole kama mto wa kulalia. Kila neno alilisikia, hakuelewa hata moja. Akamchoma mzee mara ya pili. Mzee alilowa jasho, akazimia. Tulimrudisha, Mungu ashukuriwe. Yule mwenzake Wakili kahamishwa. Mnara hajacheka vizuri tangu siku ile.

Halafu chai! Tangu uchaguzi watu wanapimana kwa lafudhi. Watu wa milimani meza ya dirishani, watu wa bondeni karibu na sinki, sisi wengine tunakunywa tumesimama. Wodi si bunge!

Wakili aliuliza mbele ya wote: mgonjwa akilia kwa lugha ya mama yake, nimbembeleze kwa ya serikali? Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba mimi mwenyewe ni mtoto wa lugha ya taifa. Baba yangu mtu wa milimani, Mama mtu wa bondeni, walioana wakati kwao na kwao hawakuuziana hata chumvi. Bila lugha ya katikati nisingezaliwa.

Akanyamaza. Wakili, kunyamaza! Hii ningeiandika kwa wino mwekundu.


Alhamisi, 6 Machi

Inafanya kazi. Meza za chai zimeanza kuchanganyika. Umbeya ukisemwa kwa lugha ya wote, kila mtu anasogeza kiti.

Wakili ameamua kunikomoa kwa utii. Daktari alipopita akisema mgonjwa yuko "stebo", kesho "tumdischaji", akanyoosha mkono kama mwanafunzi: Sista, hiyo ni lugha ya taifa gani? Hata Mnara alitabasamu. Daktari akajikaza — "mgonjwa yuko... imara. Kesho... tumruhusu." Alitoka jasho kuliko mgonjwa mwenyewe.

Jambo moja halikunipendeza. Kitanda cha nne kuna mfugaji wa kule mpakani. Lugha ya taifa anaijua ya kununulia sabuni tu. Mkewe alimwomba nesi wa kwao amweleze mumewe habari za mguu wake. Nesi akasema kanuni hairuhusu. Basi mke akamweleza mwenyewe, nusu kwa mdomo, nusu kwa mikono. Niliona. Nikasema moyoni, watazoea.

Jioni nilipita kwa wazee. Baba na redio yake, anamtukana refa. Yeye mwenyewe refa mstaafu! Mchana seremala, Jumamosi filimbi shingoni. Nilipomwambia habari ya kanuni alipiga kofi mkono wa kiti. "Safi! Refa hana kwao." Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Mtoto akitamka neno la milimani au la bondeni, Baba anachomoa kadi ya njano mfukoni — kadi ya kweli! Mama naye alipewa siku moja. Akaitumia kuwashia jiko.


Jumapili, 9 Machi

Baba ameanguka.

Bafuni. Mama alisikia ndoo ikibingirika. Upande wa kulia umelala, mdomo umepinda. Kiharusi.

Wodi yangu ndiyo yenye nafasi. Nimemvua viatu mwenyewe, nimemfunga dripu mwenyewe. Mikono yangu ilifanya kazi yake. Mimi sikuwepo.

Mama amekaa na kiatu kimoja mapajani. Hataki kukiachia.


Jumanne, 11 Machi

Anaongea! Nilisikia sauti yake nikiwa mezani kwangu — nzito, inaburuta kidogo, lakini yake. Nilikimbia. Mimi, ninayewafokea manesi wasikimbie wodini.

Sikuelewa neno hata moja.

Nilidhani ni ulimi. Kiharusi huulevya ulimi. Nikainama, nikatega sikio. Hapana. Maneno yalikuwa mazima, yana kichwa na miguu, yanapanda na kushuka. Lugha ya milimani. Baba anasema lugha ambayo hajaitamka mbele yangu tangu nizaliwe.

"Baba, ni mimi."

Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama karani wa ofisi asiyoijua.

Mama alikuwa nyuma yangu na chupa ya uji.

"Anasema nini?"

"Sijui, Mama."

"Hujui nini? Si baba yako!"

"Si mume wako!"

Tukatazamana. Tukacheka, Mungu atusamehe. Tulicheka mpaka Mama akakaa chini. Kisha kicheko kikatuisha.

Daktari anasema ubongo una vyumba vingi. Lugha uliyonyonya nayo iko chumba kimoja, uliyojifunza ukubwani iko kingine, na mlango wa hicho cha pili ndio uliobanwa. Unaweza kufunguka. Unaweza usifunguke. Ameyaeleza yote hayo bila neno hata moja la kigeni. Kanuni yangu imemfundisha, angalau yeye.

Hapo Wakili akapita na toroli la dawa. Baba akamwita. Hakuna aliyehitaji tafsiri — mkono wake mzima ulinyooka. Wakili akasimama. Aliyaelewa yote, nilimwona usoni. Hakumjibu. Akanigeukia mimi.

"Sista, anaomba kitu. Nimjibu?"

"Mjibu, bwana!"

"Kwa lugha gani?"

Wodi nzima ilitugeukia. Hata kikohozi cha kitanda cha saba kilisubiri.

"Yake," nikasema.

"Na kibali hicho ni cha mgonjwa huyu, au cha wagonjwa wote?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu! Nilimwambia tu, mpe anachotaka. Akainama, akamwambia Baba maneno machache, polepole. Baba akalia. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni akaokotwa na shangazi yake.

Alikuwa anaomba ageuzwe. Mgongo ulikuwa unamwaka tangu asubuhi. Na sisi tumemzunguka — mke, binti wa damu, nesi wa miaka mingi — tunamwambia pole, pole.


Jumatano, 12 Machi

Mama ana wivu. Sikutegemea kuandika sentensi hiyo.

Wakili akija, Baba anachangamka. Anasimulia kwa nusu ya mdomo, Wakili anacheka. Mama yuko pembeni na kijiko chake, kama aliyekuja kwenye harusi ya watu.

"Amesema nini?"

"Anaulizia ng'ombe, Mama. Kama wamenyweshwa."

"Sisi hatujawahi kuwa na ng'ombe."

"Nadhani ni wa baba yake."

Baadaye alinivuta koridoni. Mama akafoka: Nimeishi na mtu huyu, nimemzalia, nimemfulia jezi za urefa mpaka zikapauka, na leo ndiyo nasikia kwamba alikuwa mtoto wa kuchunga! Na kwa nani? Kwa nesi! Sasa kumwambia mume wangu ameze dawa nitafute mkalimani?

Nikamwambia ni ugonjwa, Mama. Akasema ng'ombe si ugonjwa. Ng'ombe walikuwepo siku zote.

Baba na Mama walikutana katikati, kwenye lugha isiyo ya yeyote, wakajenga humo nyumba nzuri. Mimi ni nyumba hiyo. Lakini kila mmoja aliacha vitu vyake nje.

Halafu hili. Mama, kwa uchovu, alimwambia Mnara neno kwa lugha ya bondeni. Mnara ni wa kwao. Mnara akamjibu kwa lugha ya taifa, mikono nyuma, adabu tupu. Mama akaniambia: "Kijana wetu ananijibu kama mtu wa benki."

Nimempongeza Mnara kwa kushika kanuni. Maneno yalikwama kidogo njiani. Lakini nimempongeza.


Ijumaa, 14 Machi

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe.

Mke wa mfugaji, yule wa kitanda cha nne, alinisubiri mlangoni mwa ofisi. Khanga yake ameibana vizuri, mikono ameikunja tumboni.

"Sista, samahani. Baba yako ana mdomo. Mume wangu hana?"

Nikaanza: ubongo, vyumba, hali maalumu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Ndiyo yenyewe hiyo adabu inayouma.

"Na ya mume wangu ni maalumu. Wanataka kumkata. Aliyemweleza ni mimi, na mimi sikuelewa." Kisha, kwa lugha ya taifa iliyonyooka kuliko nilivyodhani: "Mwamba ngoma huvutia kwake."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningekuwa na jibu.

Nikamwita nesi wa kwao hapohapo. Tukasimama wote kitandani. Kumbe mume alikuwa akikataa kwa kudhani ni mguu mzima. Ni vidole viwili! Alielezwa, akauliza maswali yake, akakubali. Chai yangu ilikuwa haijapoa. Na siku zote hizi tulikuwa tunamwandika "mgonjwa mkaidi".

Sikufurahi kwa muda mrefu. Mchana Mnara akaingia, akainamisha kichwa mlangoni kama kawaida yake.

"Sista, kanuni imekufa?"

"Nani kasema?"

"Nimesikia lugha tatu tangu asubuhi." Akakaa. Kiti kilimlilia. "Siku ile ya mzee wa dirishani, unajua kwa nini sikuwauliza walichosema? Walikuwa wanacheka. Nilidhani wananicheka mimi. Mtu haulizi akidhani anachekwa. Nilikuwa kama mgeni kwenye nyumba yangu mwenyewe, Sista. Sitaki kurudi pale."

Nikamwahidi hatarudi. Sijui nimeahidi nini.

Wote wana haki, hilo ndilo linalochosha. Angekuwepo mmoja mwenye kosa, ningemfokea tukaenda nyumbani. Lakini jibu nitalipata. Shuka lolote linakunjika ukizijua pembe zake.


Jumatatu, 17 Machi

Mkuu wa hospitali ameniita. Nilijua ni mashtaka. Kumbe ni sifa! Ameiona karatasi yangu mlangoni, ameipenda, anataka ibandikwe wodi zote. Jumatatu ijayo wanakuja wageni wa wizara, wataanzia kwangu. "Mfano wa umoja," anasema. Alikuwa na chai na biskuti za wageni. Nilikula mbili kabla sijamwambia.

Nikamwambia nataka kuirekebisha.

Akashusha miwani. Umoja haurekebishwi, Sista.

Nikamwambia, usiporekebishwa unachakaa, mkuu. Kanuni ilikuwa ya kumlinda mgonjwa. Sasa kuna mgonjwa anaungua mgongo kwa sababu yake, na kuna mwingine karibu apoteze mguu kwa vidole viwili. Sitaki kuitupa. Nataka nijue inaishia wapi.

Akauliza kama hili ni kwa sababu ya baba yangu.

"Ndiyo," nikasema. "Yeye ndiye aliyenifungua macho. Lakini kitanda cha nne alianza kunigongea kabla yake."

Akasema fanyeni mkutano wenu, lakini Jumatatu anataka kuona karatasi moja, fupi, yenye neno umoja. Biskuti akazirudisha kabatini.


Jumatano, 19 Machi

Mkutano! Sauti imeniisha. Nimeshinda, nadhani. Au tumeshinda. Au hakuna aliyeshinda, na ndiyo maana wote wametoka wanaongea.

Nilianza na langu: sisi kwa sisi — zamu, dawa, vipimo — lugha ya taifa, bila mjadala. Kwa mgonjwa, lugha anayolia kwayo. Nikaketi, nikijiona nimemaliza.

Mnara akasimama. Taa ilikaribia kumgonga. Akasema, na wakisema lao na mgonjwa mbele yangu, mimi nitajuaje? Hapo wengine wakaguna, hasa upande wa dirishani. Akangoja waishe. Kisha akatoa lake, na ni zuri kuliko langu: atakayesema na mgonjwa kwa lugha yao, kabla hajaondoka kitandani aseme kwa sauti, kwa lugha ya wote, alichoambiwa na alichojibu.

Nikajua tumeipata. Nikageuka kumtazama Wakili, maana huyo ndiye kura ya upande ule. Akanyoosha mkono — kupinga!

"Kwanza mlinikataza kuisema. Sasa mnanikataza kunyamaza." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Mimi ni nesi, si redio. Tangu mzee wa Sista aje, kila mwenye mgonjwa wa milimani ananivuta shati, mpaka wodi za jirani. Dawa zangu zinachelewa, kosa linaandikwa langu. Mkiitaka lugha yangu, mpeni na muda wake."

Nani angebisha? Mimi ndiye niliyemvuta shati kuliko wote. Tukaongeza: anayeitwa kufasiri, mwenzake anashika toroli lake mpaka amalize. Na kila mmoja atawafundisha wenzake maneno machache ya kwao — inauma wapi, geuka, maji, usiogope — ili asiitwe kwa kila kikohozi.

Halafu chai. Jamani! Sindano tulimaliza upesi, chai ikatugawa, karibu tupigane ngumi. Wengine: chai ni mapumziko, mtu aseme atakavyo. Wengine: palepale ndipo ugonjwa ulipoanzia. Mwishowe nesi wetu mzee, anayestaafu mwaka huu na haogopi mtu, akasema: kila mtu aseme apendavyo, ila anayecheka afasiri. Ikapita kwa kelele, hata kura hatukuhesabu.

Kura ya jumla: imepita, lakini si kama ile ya kwanza. Mikono ilikuwa mizito. Waliopinga walipinga kwa macho makavu. Mmoja ameniambia usoni kwamba nimefungua mlango na nitajuta. Huenda. Tumekubaliana kuitazama tena baada ya mwezi. Hilo nalo lilipigiwa kura.

Wakati wa kutoka Wakili alimsimamisha Mnara.

"Siku ile hatukuwa tunakucheka wewe."

"Najua."

"Hujui. Tulikuwa tunamcheka mume wangu."

"Kafanya nini?"

Akamwambia. Sikusikia. Lakini Mnara alicheka — kicheko chote, kutoka kule juu mpaka chini.


Ijumaa, 21 Machi

Karatasi mpya iko mlangoni. Ni ndefu na haina uzuri wa ile ya kwanza. Neno umoja limo, mstari wa mwisho, nimelibana ili litoshe.

Mkuu amepiga simu. Amesikia. Hajapendezwa. Wageni hawatasoma karatasi ndefu, anasema, na wakiisoma watauliza kwa nini nesi wa serikali anasema lugha ya kijijini akiwa na sare. Rudisha ile ya kwanza, Sista, hata kwa siku moja tu. Nikamwambia ile ya kwanza, walioipitisha kwa kura ndio walioibadilisha kwa kura. Akasema hospitali si chama cha siasa. Tukaagana vizuri, kwa maneno.

Wodini ni vituko mtindo mmoja. Mnara amejifunza "geuka" ya milimani. Alikuwa anaifanyia mazoezi stoo, sisi tunamsikia. Leo amemwendea Baba, amevuta pumzi, akaitamka. Baba akageuka! Mnara akatugeukia, kifua mbele, akatangaza kama kanuni inavyotaka: "Nimemwambia ageuke. Amegeuka." Wodi ikapiga makofi. Mfugaji wa kitanda cha nne naye alipiga, na mguu wake umefungwa bandeji.

Mama naye anajifunza. Amekataa kufundishwa mbele za watu, Wakili anampa maneno mawili mawili koridoni, kama mtu anayeuza magendo. Mchana alimshikia Baba kijiko, akasema neno lake kwa ujasiri. Baba akamtazama. Akatazama mlango. Kumbe badala ya kumwambia afungue mdomo, amemwambia afunge geti! Baba alicheka kwa upande wake mmoja, na mate, na Mama akamfuta kidevu huku akimtukana kwa lugha ya bondeni, na yeye akamjibu kwa ya milimani. Walibishana hivyo. Hakuna aliyeelewa mwenzake, na wala hawakuonekana kuhitaji.

Ila baadaye aliniuliza: "Ikirudi ile yetu, hii itaondoka tena?"

Sijui, Mama.

"Asiiondoe," akasema. "Nimepata shida kuijifunza."

Halafu kanuni ikanigeuka mwenyewe. Nilimkuta Mama na Mnara wakitandika shuka, wanapiga soga za bondeni, safari hii Mnara anajibu. Aliponiona akanyooka. "Sista, taarifa: mama yako anasema umekonda, unawafokea watu kwa njaa, na hujui kupika tangu utoto." Mama alijifunika khanga usoni!


Jumapili, 23 Machi

Si zamu yangu. Nimekuja kama mtu na baba yake, bila sare. Naandika nimekaa ukingoni mwa kitanda, maana nikifika nyumbani nitaanza kuwazia ya kesho.

Ya kesho ni haya: Mkuu amepiga asubuhi. Wageni wataanzia kwangu, haijabadilika. Karatasi gani iko mlangoni? Nikasema, iliyopigiwa kura. Naye: "Basi utaieleza wewe mwenyewe." Nimemwambia nitaieleza. Na nitamwomba Mnara aieleze, na Wakili aipinge, anavyojua. Wageni waone. Nikihamishwa, wataniambia wananihamishia wapi. Sare ya kesho nimeipiga pasi. Sijalala vizuri, lakini sina mashaka.

Baba leo ana nguvu. Ameomba maji, nikampa — neno hilo ninalo sasa. Ameomba kugeuzwa, Mnara kamgeuza, katangaza. Kisha akanishika mkono, akanitazama, akasema neno moja.

Si maji. Si maumivu. Si geuka.

"Nini, Baba?"

Akalirudia. Ananitazama mimi, si dirisha, si kikombe. Lile jicho la kumtazama karani halipo; leo ananijua.

Wakili yuko mapumzikoni, simu yake haipatikani. Nesi mwingine wa milimani ataingia jioni. Mama anadhani ni jina la dada yake Baba, aliyekufa zamani. Halafu anasema hapana, labda ni jina la ng'ombe — na hakusema kwa mzaha. Mnara ameinama mpaka karibu na mto, amesikiliza, amesema hilo halimo kwenye maneno yetu.

Nimelitamka kama nilivyolisikia. Baba akatikisa kichwa. Nimekosea.

Mama akajaribu. Amekosea zaidi. Mnara akajaribu kutoka kule juu, na Baba akafumba macho, kama mwalimu aliyepewa darasa bovu.

Ameyafumbua. Anarudia, polepole, kwa ajili yangu. Linaanza midomo imefungwa, linafunguka katikati, mkia wake unaingia kooni. Nimelisema. Bado, lakini nimekaribia, namwona. Mama anasema nisilie, nitaharibu matamshi. Kitanda cha nne wamegeuka kutazama. Baba anagonga daftari kwa kidole chake kizima. Hataki niandike. Anataka nirudie.